Vivuli Havina Safu

Chumba cha mwisho kwenye ujia wa kituo cha afya kilikuwa na kibao kilichoandikwa "Magonjwa ya Ngozi". Hapakuwa na mgonjwa wa ngozi aliyewahi kutibiwa humo. Wenye upele na mba walihudumiwa karibu na mapokezi, katika chumba kisicho na kibao chochote. Mganga mkuu wa kituo ndiye aliyeamua hivyo, baada ya kuona kwamba kibao cha zamani, kilichotaja magonjwa ya zinaa kwa jina lake, kiliwafanya watu wapite mlangoni wakitazama dari, wafike mpaka ukutani, wausome ukuta kidogo, kisha warudi walikotoka.

Humo alifanya kazi muuguzi mmoja mwembamba wa mwili na mnene wa sauti. Watu walimwita Sista Pole, kwa kuwa hakuwahi kumchoma mtu sindano bila kumpa pole kwanza.

Jumanne hiyo alikuwa amekwisha kufuta meza kwa spiriti na kutandika karatasi mpya kitandani. Alipofungua mlango, wanawake walikuwa wameshakaa kwenye benchi, kila mmoja na pochi yake mapajani, wakijitia wanasubiri kitu kingine. Katikati yao kilikaa kivuli cha mwanamume aliyevaa kofia. Mwanamume mwenyewe hakuwepo. Wanawake walikuwa wamebanana kidogo kukipa nafasi, na fundi cherehani, mteja wa siku nyingi mwenye ulimi usio na breki, alikuwa amekiondolea mfuko wake wa vitambaa.

"Nani wa kwanza?" Sista Pole aliuliza.

"Kiite hiki," fundi cherehani alisema. "Kilitutangulia. Ila hakijamsalimia mtu."

Kivuli kiliinuka, kikaingia. Kilipoulizwa shida yake kilitazama pembeni, kisha kikaonyesha kwa kidole. Sista Pole alikisogeza dirishani penye mwanga, akakikagua, akaona kilichokuwepo. Akakiambia kilale kifudifudi. Kilijilaza juu ya karatasi, chembamba kama doa. Akasema pole, akachoma. Dawa iliingia yote na karatasi haikulowa. Kivuli kikasimama, kikapandisha suruali, kikatoka kwa kupenya chini ya mlango ingawa mlango ulikuwa wazi.

Wakati huohuo, upande wa pili wa mji, dereva mmoja wa lori aliyekuwa akibishana na mwenzake juu ya matairi alishika tako la kulia na kunyamaza. Jioni alijikuta mzima, akavaa kofia yake, akaenda zake.

Habari za namna hiyo hazikai. Kabla mwezi haujaisha, vivuli vya wanaume vilikuwa vimejaa kwenye benchi na vingine vimesimama ukutani. Mtu yeyote angeelewa sababu. Mwanaume ana kazi yake, ana jina mtaani, ana mama mkwe anayepita njia ile kila siku akitoka sokoni. Kivuli hakina mama mkwe. Kilitumwa asubuhi mapema, jua likiwa chini, kwa sababu kufika saa sita kivuli kinakuwa kifupi kama kiatu na Sista Pole alishindwa kujua tako liko wapi.

Mji ulizoea. Mke akimwuliza mumewe mbona leo hana kivuli, alijibiwa kwamba kimetangulia kazini. Vinyozi walijifunza kutazama sakafu kabla ya kumnyoa mtu kidevu. Mteja asiye na kivuli aliombwa asubiri kwanza aruke, ndipo wembe uanze. Katika mkutano wa wazazi shuleni, wanaume watatu wa mstari wa mbele waliinuka kwa pamoja wakati mwenyekiti akiuliza nani anaunga mkono ada mpya, na ada ikapita.

Kila mwisho wa mwezi Sista Pole alijaza fomu ya kwenda Ofisi ya Taifa ya Ufuatiliaji. Fomu ilikuwa na safu mbili, Me na Ke. Wanawake aliwaandika kwenye Ke. Vivuli aliviandika kwenye Me, na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, aliongeza pembeni kwamba hawa wamekuja bila miili.

Aliyepokea fomu hizo alikuwa mume wa mdogo wake. Familia nzima ilimwita Bwana Asilimia, kwa sababu siku ya ndoa, alipoulizwa kama anakubali, alijibu kwamba anakubali kwa asilimia mia. Alikuwa mtu safi, mwenye kalamu mbili mfukoni na kitambulisho shingoni hata Jumapili. Alimpigia simu.

"Shemeji, habari za huko?"

"Nzuri, shemeji. Mdogo wangu hajambo?"

"Hajambo, anavimba miguu tu. Mimba ndivyo ilivyo. Sasa shemeji, fomu yako ninayo hapa. Kwenye Me umejaza watu mpaka wanamwagika."

"Ni vivuli."

"Nimeona. Ndiyo shida yenyewe. Kivuli hakina umri, hakina makazi, hakina hali ya ndoa."

"Ndoa kinayo, shemeji. Vingine vina pete."

"Pete ya kivuli haiwezi kuwa ushahidi."

"Lakini kaswende vinayo. Nimeiona kwa macho yangu."

"Sibishi ulichokiona. Nakwambia kisichoandikika." Akateremsha sauti, akawa shemeji mwema. "Vitibu kama huruma inakushinda. Ila usiviandike. Ukiviandika tutaonekana hatuna vigezo."

Fomu ikarudishwa. Sista Pole akaijaza upya, safu ya Me akaiachia mistari mitupu, na alipokuwa akigonga muhuri alisikia vibaya moyoni, lakini foleni ilikuwa ndefu akaendelea na kazi.

Vituo vingine navyo vilikuwa na vivuli, navyo vilipigiwa simu. Ripoti ya taifa ilipotoka, ilionyesha kwamba ugonjwa ule sasa ni wa wanawake kwa asilimia tisini na kitu. Wataalamu walikutana kwenye ukumbi wenye viyoyozi na chupa za maji kulijadili jambo hilo. Mmoja alisema huenda ni maumbile. Mwingine alisema ni mavazi. Hakuna aliyeuliza wanawake hao wanaambukizwa na nani. Swali hilo halikuwemo kwenye ratiba, na chakula kilikuwa kinapoa.

Baada ya ukumbi yakaja mabango. Lilichorwa moja lenye mwanamke anayejitazama kwenye kioo kwa majuto, na chini yake maneno makubwa: MWANAMKE, JITUNZE. TAIFA LINAKUTAZAMA. Kituo kilipewa moja, likabandikwa ukutani juu ya benchi. Wanawake walikaa chini yake, vivuli kushoto, vivuli kulia.

"Sista," fundi cherehani alisema, akigeuza shingo kulisoma, "hivi hawa waliobandika waliwaona hawa niliokaa nao?"

"Waliwaona. Mmoja aliomba kivuli kimoja kisogee ili abandike vizuri."

"Kikasogea?"

"Kilisogea. Kilikuwa cha kwake."

Fundi cherehani alifikiri kidogo. "Basi angalau kina adabu kuliko mwenyewe," alisema.

Bango lingekuwa karaha tu kama mambo yangeishia hapo. Lakini dawa zilitolewa kwa kufuata ripoti. Penisilini iliyokuja ilikuwa ya watu waliomo kwenye safu, na waliokuwa wakichomwa walikuwa maradufu yao. Sista Pole alipunguza huku akaongeza kule, akaazima kituo jirani, akaazima tena mpaka jirani akaacha kupokea simu zake. Mwishowe akaja mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa mwanaume wa makamo mwenye mkoba mgumu. Aliingia, akaketi, akahesabu chupa tupu, akalinganisha na wagonjwa walioandikwa.

"Umechoma dawa nyingi kuliko watu," alisema. "Nyingine umemuuzia nani?"

"Sijamuuzia mtu. Nimevichoma vivuli."

"Vivuli havimo."

"Vimo hapo nje, afisa. Fungua mlango."

Mkaguzi alifungua. Vivuli vilikuwa vimejipanga benchini na ukutani. Cha tatu kutoka mlangoni kilikuwa na mkoba mgumu. Mkaguzi na kivuli chake walitazamana kama watu wanaodaiana na hawataki kuanza. Kisha akaufunga mlango polepole, akarudi kuketi, na jasho jembamba likamtoka juu ya mdomo.

"Nimeona wanawake tu," alisema.

Akaandika kwamba kituo kimefanya matumizi yasiyoelezeka, na kwamba kisipewe dawa mpaka maelezo yatolewe. Alipokwisha kukunja karatasi zake alibaki amesimama, anahangaika na kishikio cha mkoba.

"Foleni yako inakwenda haraka?" aliuliza.

"Kwa dawa iliyobaki, haitafika mbali."

"Cha tatu?"

"Cha tatu kitapata," Sista Pole alisema. Hakuwa mtu wa kumnyima mgonjwa dawa kwa ubaya wa mwenyewe. Na kweli kilipata, mkaguzi akiwa bado getini. Akaonekana akishika nguzo ya geti kwa muda kabla ya kupanda gari.

Wiki hiyo dawa iliisha. Chupa ya mwisho ilibaki peke yake kwenye friji, nayo aliitumia siku ya mawingu mazito, kwa kivuli kilichokuja kimefifia mno, kama maji yaliyomwagika jana. Hakukitambua. Kililala, akasema pole, akachoma, akatupa chupa. Jua likachungulia kidogo dirishani wakati kivuli kikijiweka sawa, na pale ukutani akaona kalamu mbili mfukoni na kitambulisho kinaning'inia shingoni. Kivuli kilivuta magoti ya suruali kabla ya kukaa kivae viatu, vilevile alivyofanya shemeji yake kila alipokaribishwa kiti nyumbani kwake.

Sista Pole alivua glavu. Akakalia ukingo wa kitanda, bega kwa bega na kile kivuli.

"Mkeo ana mimba ya miezi saba," alikiambia. "Unamleta lini?"

Kivuli kilimaliza kufunga kamba za kiatu. Kikatikisa kichwa. Kikapenya chini ya mlango.

Alipiga simu ofisini kwake.

"Shemeji, kivuli chako kimetoka hapa sasa hivi."

"Kivuli changu ninacho."

"Simama dirishani uangalie."

Upande wa pili wa simu kiti kililia kama cha mtu anayehamia tako la pili.

"Leo kuna mawingu," Bwana Asilimia alisema.

"Shemeji, mimi sikusemi. Nataka mdogo wangu apimwe, basi. Ugonjwa huu ukimkuta mama unamfuata mtoto tumboni. Unajua hivyo kuliko mimi, wewe ndiye unayeandika."

"Wanawake walioolewa na waliotulia hawako kwenye kundi lenye hatari kubwa. Ripoti inasema wazi."

"Ripoti uliiandika wewe."

"Niliiandika kwa niaba ya taifa," alisema, na akakata simu kwa upole, kama alivyofanya mambo yake yote.

Siku hiyohiyo baada ya kazi Sista Pole alikwenda kwa mdogo wake. Njiani alijiuliza atasemaje. Siri ya mgonjwa ni siri ya mgonjwa, hata akiwa kivuli, na katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuitoboa. Alimkuta mdogo wake ameketi sebuleni, miguu juu ya kigoda, anakunja nguo ndogo za mtoto na kuzipanga kwa rangi. Mapazia yalikuwa yamefungwa.

"Kesho njoo kituoni nikupime damu," Sista Pole alisema.

"Nilipimwa kliniki, dada."

"Kipimo ninachosema mimi walikuwa hawana."

Mdogo wake alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena. "Kipimo gani hicho?"

"Kipimo tu, mdogo wangu. Usiniulize zaidi, kazi yangu hainiruhusu."

"Sikuulizi." Akaiweka ile nguo juu ya nyingine. "Juzi nilimwashia taa akila. Nikatazama ukutani nikaona meza, nikaona jagi, nikajiona mimi na tumbo langu. Yeye sikumwona. Nikasema labda ni taa. Ni taa, dada?"

"Njoo kesho asubuhi," Sista Pole alisema.

Kesho yake mdogo wake alikaa kwenye benchi chini ya bango, na vivuli vikamsogezea nafasi kwa sababu ya tumbo. Kipimo kilitoka. Sista Pole alikitazama mara moja, akakitazama tena kwenye mwanga, ingawa mstari ulikuwa mwekundu wa kutosha kuonekana gizani. Alimweleza mdogo wake maneno aliyowaeleza mamia ya wanawake, kwa sauti ileile, ila mikono aliificha chini ya meza.

"Sindano moja inatosha?" mdogo wake aliuliza.

"Inatosha."

"Basi nichome niondoke."

"Sina," Sista Pole alisema. "Ya mwisho nilimchoma mumeo."

Mdogo wake alimtazama dada yake, kisha akatazama kitanda chenye karatasi safi. Hakulia. Aliomba maji, akayanywa yote, akairudisha bilauri mezani polepole.

Sista Pole alizunguka maduka ya dawa ya mji mzima. Wauzaji walimwambia penisilini ile hawaiweki, bei yake ni ndogo na haimpi mtu faida. Walikuwa na dawa nyingine nyingi, za maboksi ya kung'aa, lakini kwa mama mjamzito mwenye kaswende hakuna nyingine ya kuaminiwa imlinde mtoto, na yeye alijua hivyo. Akaona hakuna njia ila kwenda Ofisi ya Taifa mwenyewe.

Ofisi ile ilikuwa na ujia mrefu wenye zulia. Mapazia yote yalishushwa na taa za dari zilikuwa nyingi mno, zimepangwa kila upande, hata mtu asingetegemewa kuwa na kivuli. Maafisa walipita wakiwa wepesi na safi. Wachache walichechemea. Bwana Asilimia alimkaribisha kiti, akavuta magoti ya suruali, akaketi kwa tahadhari.

"Mkeo amepimwa," Sista Pole alisema. "Anayo."

Bwana Asilimia alitoa kalamu moja mfukoni, akairudisha, akatoa nyingine. Uso ulimbadilika rangi, na kwa muda akawa kama mtu anayetaka kulia na hajui wanaanzaje.

"Kaipata wapi?" aliuliza.

Sista Pole aliacha swali lile likae mezani kati yao mpaka mwenyewe akaliona.

"Nauliza kama afisa," Bwana Asilimia alisema. "Kuna mahali inabidi nijaze chanzo."

"Jaza kivuli."

"Hakimo."

"Basi jaza jina lako."

"Shemeji, mimi kwa mujibu wa takwimu sijawahi kuugua." Alisema bila kiburi. Alikuwa akieleza tu jinsi mambo yalivyo. "Nikikiandika kivuli changu, itabidi niandike na vya wenzangu. Na vya wakubwa. Unajua kivuli cha mkurugenzi kimekuja kwako mara ngapi?"

"Najua."

"Basi unaelewa."

"Naelewa. Lakini mtoto haelewi. Toa kibali dawa ije."

Bwana Asilimia alivuta kompyuta, akaandika kwa muda, akachapisha karatasi, akaigeuza imwelekee. Ilisema kwamba kutokana na ongezeko kubwa la maambukizi miongoni mwa wanawake wa eneo la kituo hicho, hususan wajawazito, kituo kinaombewa dawa za dharura. Chini paliachwa nafasi ya muuguzi kuthibitisha.

"Wanawake hawajaongezeka," Sista Pole alisema. "Ni walewale. Waliozidi ni wanaume."

"Hiyo ndiyo sababu inayokubalika. Sababu nyingine itarudi na simu."

"Nikitia sahihi hapa, mabango yataongezeka."

"Mabango hayaui mtu," Bwana Asilimia alisema, na kwa mara ya kwanza alimtazama machoni. "Tafadhali, shemeji. Ni mke wangu."

Sista Pole aliishika kalamu. Alimfikiria fundi cherehani chini ya lile bango. Alimfikiria mdogo wake akikunja nguo. Kisha akatia sahihi, herufi zake zikalala upande kama zinaona haya, akatoka nje kwenye jua. Kivuli chake mwenyewe kilimfuata mpaka kituo cha basi, kikiwa kirefu na kizima, na hakuwahi kukiona kizito namna ile.

Karatasi ilipita kwa kila aliyestahili kuiona. Ilikaa kwa mmoja aliyekuwa safarini, ikakaa kwa mwingine aliyetaka igongwe muhuri wa samawati badala ya mwekundu. Dawa ilipofika, mimba ilikuwa imeingia mwezi wa tisa. Mdogo wake alikuwa tayari amehamia kwa dada yake kwa muda, na muda huo haukuwa umepewa mwisho. Kabla ya kuhama alimwuliza mumewe swali moja, naye akamjibu kwamba kitakwimu haiwezekani.

"Pole," Sista Pole alisema, sindano mkononi.

"Usinipe pole, dada. Choma."

Sindano ilikuwa imechelewa. Mtoto alizaliwa kabla haijapata muda wa kumfikia, msichana, mdogo, mwenye malengelenge viganjani na ini lililovimba. Walimweka wodini akachomwa sindano zake mwenyewe kila siku, kwenye mguu usiozidi kidole gumba cha mama yake. Mama mkubwa wake alizichoma yeye binafsi. Kila mara alisema pole, na mtoto alilia kwa haki yake yote. Baba alikuja na maua na blanketi, akasimama mlangoni mwa wodi akiwa na mwili na kivuli vyote pamoja, kwa kuwa alikuwa amepona. Mke wake alipokea blanketi. Maua alimwambia ampe muuguzi.

Mtoto aliongezeka uzito, viganja vikapona, akaruhusiwa. Jina lake liliandikwa, na kwa kuwa fomu ya kituo haikuwa na nafasi ya watoto wachanga, Sista Pole aliambiwa kwa simu amwingize kwenye Ke.

Mwaka huo Ofisi ya Taifa iliboresha huduma. Katika kituo cha Sista Pole lilijengwa dirisha maalumu la vivuli, lenye benchi la sponji, pazia zito na feni, ili vivuli visibanane tena na wanawake ujiani. Mkurugenzi alikata utepe mwenyewe, akasimama kwenye jua la asubuhi bila kivuli, maana kilikuwa kimetangulia ndani kujaribu benchi. Alisifu usiri wa huduma ile. Alisema vivuli navyo ni raia kwa namna yake, ila suala la kuviandika bado linafanyiwa utafiti. Watu walipiga makofi. Wanawake wakaendelea na benchi lao la mbao, na bango likabadilishwa kwa jipya, kubwa zaidi, kwa sababu ya lile ongezeko.

Siku ripoti iliposomwa redioni, Sista Pole alikuwa nyumbani, anapanga nguo kavu. Mdogo wake alikuwa kwenye kochi ananyonyesha. Sauti iliyosoma ilikuwa tulivu na safi, yenye kutamka kila namba kama inaiweka kwenye sahani. Ilisema wanaume wa taifa hili wameendelea kuwa wazima. Ilisema wanawake walioambukizwa wameongezeka, na ikawasihi wabadili tabia.

"Kwenye hao wanawake nimo?" mdogo wake aliuliza.

"Umo."

"Na mtoto?"

"Na mtoto yumo."

Mdogo wake alimhamishia mtoto titi la pili, akamfuta kidevu kwa ncha ya kanga.

"Na baba yake?"

Sista Pole aliongeza sauti ya redio kidogo.

"Baba yake ndiye anayesoma," alisema.